Kitone Kilichokesha Mtoto Akilala

Gunnel Åkerblom amewauguza watoto wa mji wetu wa Uppsala miaka thelathini bila kumwogopa hata mmoja. Siku alipoletwa mtoto Tyra, aliogopa.

Kazi yake iko katika chumba kisicho na dirisha. Mtoto hupakatwa na mzazi mbele ya skrini, zikapita sura za watu na vitu vinavyozunguka, huku kamera ikifuata macho yake. Anapotazama, ndipo kitone chekundu kinapotua. Anayekwepa sura mno huitwa kwa uchunguzi wa usonji. Gunnel huwaambia wazazi kwamba mashine haihukumu, inanong'ona tu.

Mzazi lazima avae miwani myeusi. Jerker, baba yake Tyra, aliikataa. Alisema giza la Desemba ya huku kaskazini limemtosha. Foleni ilikuwa ndefu, Gunnel akamwambia basi afumbe macho.

Mchana aliirudia rekodi. Kitone kilikwepa kila sura. Alikuwa ameshaanza kumwandika Tyra kwenye orodha ya uchunguzi alipofungua picha ya video ya kiti walichokalia. Tyra alikuwa amelala, kidevu kifuani. Na kitone kilikuwa bado kinatembea, polepole, kikiuzunguka uso wa mwanamke anayetabasamu kama mtu azungukaye nyumba asiyothubutu kuingia.

Aliniita mimi, mfanyakazi mwenzake. Nilimkuta akiirudisha rekodi nyuma.

"Niambie," alisema kwa sauti ya chini, "anayetazama hapa ni nani?"

Tukaisogeza picha. Juu ya kichwa cha mtoto, macho ya Jerker yalikuwa wazi.

Kesho yake tuliwaita tena na kumweleza Jerker tulichokiona. Safari hii Jerker alivaa miwani bila ubishi, na kitone cha Tyra kikaenda moja kwa moja kwenye macho ya yule mwanamke, kikacheza hapo. Gunnel akalifuta jina la Tyra kwenye orodha. Jerker hakuinuka. Aliomba kuonyeshwa ile rekodi ya kwanza, akaitazama hadi mwisho, kisha akaomba tena.

"Mama alikuwa akinishika kidevu," alisema. "Ananiambia, niangalie, niangalie. Mpaka panauma."

Nchi yetu ina fomu ya kila kitu, lakini katika miaka yake thelathini na minane hakuna aliyemuuliza mtu huyu sura za watu zinamfanyia nini.

"Orodha yenu ni ya watoto tu?" aliuliza, akiisemesha skrini.

Gunnel alimwandikia namba ya simu ya kliniki ya watu wazima. Alimpa karatasi bila kumtazama usoni.