Tanburi ya Bibi, Siku Wadi Iliposhuka

Juzi nilikwenda Azaiba, hapa Maskati, kutengeneza simu, na televisheni ya dukani ilikuwa ikionyesha tamthilia ya Kituruki. Ghafla ikatoka sauti ya upinde juu ya waya, nzito, ya kuvuta. Nikatoka nje, mwenzangu, nikaiacha simu mezani.

Sauti ile ni ya tanburi ya upinde, ala ya nyuzi ya Kituruki. Maishani nimeiona moja tu, ya bibi yangu. Babu alimletea kutoka Istanbuli. Shingo yake ilinizidi kimo, na tumbo lake lilikuwa la chuma, la duara, limewambwa ngozi. Bibi alijifunza fidla Unguja usichanani mwake, basi kila alasiri akiisimamisha gotini akapiga, nyumba yetu ya Amerat ikinukia iliki na mkate wa ufuta. Mimi nikijificha jikoni. Niliona kama mna mtu analia ndani ya tumbo lile.

Nilikuwa na miaka minane siku wadi, lile bonde kavu la karibu na nyumba, iliposhuka na mafuriko. Mvua ilianza asubuhi. Kufika adhuhuri maji ya udongo yalikwishaingia sebuleni. Baba na mama walikuwa kazini mjini, na njia ya mlimani ya kurudia Amerat imefungwa. Bibi akanipandisha ghorofani.

"Kaa hapa, usiteremke hata nikikwita. Nnakwenda kuichukua tanburi."

"Bibi, iache!"

"Siiachi. Babu yako kaipakata njia nzima."

Akashuka. Nikasikia kabati likianguka, kisha maji matupu. Nikamwita. Nikamwita tena. Mkojo ukanitoka, leo nakwambia bila ya haya.

Halafu, kutoka kwenye kiza cha ngazi, waya mmoja ukalia. Nikaifuata sauti ile niliyokuwa nikiikimbia. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, maji kiunoni, pumzi zimemwishia hawezi kusema, tanburi kaiinua juu ya kichwa. Nikaishika shingo ya tanburi, nikavuta kwa nguvu zangu zote, naye akapanda nayo.

Ngozi ilikwisharowa. Ilipokauka ikapasuka, na Maskati nzima hatukupata fundi wa kuiwamba. Bibi akaitundika ukutani mpaka alipofariki. Tulipohama haikuonekana tena, na hapana aliyeuliza, hata mimi.

Siku hizi tahadhari ya mvua huja mapema. Tunahamisha magari, tunafunga milango, tunapanda juu. Nyumba imejaa vitu, mwenzangu, na hapo ndipo khofu hunishika: hamna hata kimoja ambacho ningekiteremkia.