Mume wa Kwenye Picha

Hebu nikuulize, wewe umeshawahi kuona wake wenza wanaoshuka ngazi wameshikana mikono? Mimi nimewaona. Hapa hapa Frogtown, mtaa wetu huku Marekani, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wetu. Au nilidhani nimewaona, maana usipokuwa na Kiingereza unaishi kwa kukisia, na mimi kwa kukisia sijambo.

Walikuwa bibi wawili wa Kizungu, umri wao kama wangu. Mmoja mrefu, mwembamba, sauti nzito, aliendesha basi la shule mpaka akastaafu. Mwingine mfupi, mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Nitawaita hivyo hivyo, yule mrefu na yule mfupi.

Kwetu tunaishi watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa kike niliyeletwa huku kumlea akiwa mchanga. Leo mchanga huyo anasomea unesi, na wikiendi anafanya shifti kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi mama yake, kule mji wa Hopkins. Mimi namwita mke mwenzangu. Si unajua utani wetu? Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na babu yake ndiye aliyekuwa mume wangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo tunagombania marehemu. Yeye ananijibu kwa Kiingereza, mimi namwambia mke mwenza hajasikia, rudia.

Sasa hao majirani. Siku ya kwanza niliwapelekea maandazi kwenye bakuli langu la bluu. Bakuli likarudi limeoshwa, limefutwa, tupu kabisa. Nikasema haya, hawakufundishwa. Mara ya pili nikamweleza yule mfupi, kwa mikono na kwa Kiingereza changu cha kuokota, kwamba sisi chombo cha jirani haturudishi kitupu. Alicheka mpaka akashikilia mlango. Tangu siku hiyo likawa linarudi na nyanya za kibustani chao, na safari moja lilirudi na soksi za sufu. Nikazivaa.

Nilipozoea kuingia kwao nikaanza kuangalia, mwenzangu. Chumba cha kulala kimoja. Pete zinafanana. Na ukutani picha ya mwanaume kijana, kavaa magwanda ya jeshi, kakunja uso kama anadai. Nikajumlisha. Nikasema huyu aliwaoa wote wawili, akafa, na wao badala ya kutiana vidole machoni wakabaki wanatunzana. Basi kila nikiingia naisalimia kwanza ile picha. Namwambia, hujambo baba, wake zako wazima. Yule mrefu alidhani naiombea, akawa ananipisha.

Hata kanisani, kwenye kikao cha akina mama, niliwatolea mfano. Mama mmoja akaniuliza, "Bibi, kwani Wamarekani wanaoa wawili?" Nikamwambia, "Wengine sijui. Huyu alioa."

Habari zikamfikia mke mwenzangu. Akanikuta jikoni.

"Bibi, umesema nini kanisani?"

"Nimesema wale wake wenza wa hapo mlangoni wanapendana kuliko nyie."

Akaweka simu mezani. "Bibi. Wale ni mke na mke. Wameoana wao kwa wao."

"Na mwanajeshi?"

"Kaka yake yule mrefu. Alikufa vitani."

"Kaka! Miaka yote hiyo nampa salamu za wake?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nikataka kujua. "Sasa nani alitoa mahari?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Alitoa mmoja, au walisameheana?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Usimwambie Mama, plizi. Mama hataki kusikia mambo hayo. Ataacha hata kuwasalimia."

Mimi ni mtu wa kanisani, nimekulia mahali ambapo neno hilo ukilitaja unachapwa. Nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya maandazi. Nikajiuliza, nikande nisikande? Nikakanda. Unga ulikuwa ule ule na wao walikuwa wale wale, aliyebadilika ni mwanajeshi peke yake.

Basi tukaenda hivyo, mimi na mjukuu tunajua, binti yangu, ambaye kwa shifti zake hakuwahi kuingia kwao na ya kanisani aliyaona utani wangu tu, hajui, mpaka barafu ya mwaka uliofuata. Yule mrefu aliteleza hapo nje penye magari, akavunjika nyonga. Hospitali wakamtengeneza, lakini kurudi nyumbani haiwezekani. Jengo letu halina lifti, na yule mfupi hawezi kumbeba mtu ngazi za ghorofa tatu.

Na hapa binti yangu nisimnyime haki yake. Yeye ndiye aliyehangaika. Akampigia huyu, akampigia yule, mpaka kitanda kikapatikana kule kule Hopkins anakofanya kazi. "Hawa ni wazee wetu, Mama," alisema, akambeba yule mfupi na masanduku ya mwenzake kwenye gari lake.

Nikaenda kumwona mgonjwa, mimi na yule mfupi. Treni mpaka katikati ya Minneapolis, halafu basi. Tulipokaribia kushuka nikamwona anavua pete, anaitia kwenye mfuko wa koti, anafunga zipu. Nikadhani vidole vimevimba.

Tukaingia chumbani. Yule mrefu yuko kitandani, kapungua, lakini kachanwa nywele vizuri. Kwenye kimeza cha pembeni, nani? Mwanajeshi. Kwao ukutani kulikuwa na picha nyingine, wao wawili na kofia zao za jua, wamekumbatiana mbele ya ziwa. Hiyo haikuwepo, baadaye nilisikia imefichwa kwenye droo. Yule mfupi akaketi, akaingiza mkono chini ya blanketi, nikajua umeshika nini.

Mara mlango, binti yangu na beseni la maji. Mkono ukatoka chini ya blanketi haraka kama umeungua.

"Mama, umefika!" Kachangamka kweli. "Umemwona mume wake? Kijana mtanashati, eh? Ananihadithia habari zake kila siku. Na dada yake huyu hakosi, kila wiki yupo."

Mume wake. Dada yake. Nikamwangalia yule mrefu, naye akaangalia dirisha. Uongo nilioutunga mimi kwa ujinga wangu, ule ambao mjukuu wangu aliwahadithia wakacheka pamoja, sasa wameuvaa wao wenyewe. Na hakuna aliyekuwa anacheka. Nikamgeukia mwanajeshi, salamu ikanishinda.

Mjukuu alikuwa amemaliza shifti, akatusindikiza kituoni. Nikamwambia, niulizie huyu mama, kwa nini? Wakasema, wakasema, upepo unatukata masikio, halafu akanigeuzia maneno yote.

"Anasema wanaomwogesha wote wanatoka kwetu. Anasema ni watu wazuri, wanaimba nyimbo za kanisa wakitandika vitanda. Lakini siku moja kwenye televisheni zilikuja habari za watu kama wao, na mmoja wa wasaidizi akasema kitu kwa lugha yetu. Maneno hakuyaelewa. Uso aliuelewa. Na mwenzake hawezi hata kujigeuza, Bibi. Anageuzwa na hao hao."

"Muulize ni nani. Ni binti yangu?"

Akamuuliza. Yule mfupi akainua shingo kuangalia kama basi linakuja.

Sasa huko nyuma ya barabara ya University kuna kiwanja, zamani palikuwa pa kuuza matairi, kimezungushwa uzio wa waya. Siku hizo wakatundika bango. Kuna watu walitaka kujenga hapo nyumba za bei nafuu za wazee wa aina yao: wanawake wanaoishi na wanawake, wanaume wanaoishi na wanaume, na wale walioitwa mvulana au msichana wakizaliwa na wenyewe wakajijua vingine. Yule mfupi alinipeleka kupaona. Amesimama kwenye theluji mpaka magotini, ananionyesha kwa mikono. Lifti itakuwa hapa. Mlango mpana wa kiti cha magurudumu hapa. Dirisha. Picha ya ziwa, hapa. Sikuhitaji mtafsiri.

Lakini lazima kwanza mtaa ukae, useme. Na watu wa kanisani kwetu wakasikia. Si wote waliokuwa na sababu za kijinga, nisidanganye. Walisema familia zetu zinabanana, watoto wanne chumba kimoja, kwa nini wasianze kujengewa hao? Wengine sababu yao ilikuwa ile moja unayoijua, wala hawakuificha. Binti yangu akaniambia, "Mama, twende. Mtu mzima akikaa mbele wanasikiliza." Nikavaa kitenge changu kizuri. Nikaenda.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki. Wetu wakakaa upande mmoja, mimi katikati ya binti yangu na mjukuu. Watu wakasema, wakajibiana, mwenyekiti anagonga meza. Halafu nikamwona yule mfupi anakwenda kwenye kipaza sauti. Peke yake, kakoti kake kale ka zipu. Mke mwenzangu akawa ananinong'oneza anayoyasema.

"Anasema, mke wangu yuko mbali, kwenye nyumba ya wazee. Anaogopa watu wanaomtunza. Kila siku anawaambia kaka yake aliyekufa ndiye mume wake. Anasema, nataka mahali ambapo mke wangu anaweza kuweka picha yangu karibu na kitanda."

Akainua uso. Akaniona mimi, akafurahi, nakwambia alifurahi. Halafu macho yakasogea pembeni yangu, yakamkuta binti yangu.

Akarudi kwenye kiti chake bila kumaliza.

Ubavuni kwangu binti yangu amekuwa jiwe. Nikawaza ya kesho. Kesho ana shifti. Kesho anachukua beseni, anaingia chumba kile, na yule mrefu hajui kwamba siri imetoka.

Nikanyanyuka. Magoti yangu yanalia kama bawaba, ukumbi mzima wanageuka. Nikapita mbele za watu, samahani, samahani, mpaka upande wa pili, nikakaa kando ya yule mfupi nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nyuma nikamsikia mtu wetu, "Bibi kapotea kiti." Na mwingine, "Hajapotea huyo."

Kwenye gari binti yangu hakuwasha redio.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na wewe huko nyuma?"

Mjukuu akasema ndiyo.

"Mimi namwogesha yule mama. Namkata kucha. Nampaka mafuta miguuni kama ninavyokupaka wewe, Mama. Halafu ananitungia mume?"

"Anakuogopa, mwanangu."

"Aniogope mimi! Nimemfanya nini?"

"Hujamfanya kitu. Labda ulisema kitu."

"Nilisema nini? Lini?"

Hapo mke mwenzangu, huyu aliyezoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, unasema kila siku. Hata nyumbani unasema. Na mimi nasikia."

Binti yangu akaegesha mbele ya jengo letu. Hakushuka. Tulikaa hapo, gari linanguruma, mpaka vioo vikaingia ukungu. Halafu akalia. Mimi mama yake nikashindwa kujua analilia nini, kudanganywa au kuogopwa, na nikaogopa kuuliza.

Mtaa walisema watakutana tena. Wamekutana tena, na tena. Mara wamepunguza ghorofa, mara hela ya kujengea haijatimia. Kiwanja kipo, uzio upo, bango limepauka mpaka yule mzee aliyechorwa akicheka amebaki meno. Yule mfupi haoneshi tena kwa mikono. Juzi alinirudishia bakuli na nyanya mbili, akaniuliza kitu kwa taratibu ili nielewe. Aliuliza kama wao watakuwa hai.

Binti yangu aliomba kuhamishiwa ghorofa ya chini kule kazini. "Sina chuki naye, Mama," aliniambia. "Nikimgusa najiuliza anawaza nini juu ya mikono yangu. Nashindwa." Yale mafuta ya miguu bado anayanunua, anampa mtoto wake ayapeleke. Lakini huko juu kwa yule mrefu sasa anakuja msichana mwingine, wa kwetu kule kule Afrika Mashariki, mpole, naye ameshahadithiwa habari za mwanajeshi. Kwa hiyo yuko pale pale, kwenye kimeza, kakunja uso.

Mimi silali vizuri. Nawaza na mimi mwili huu, siku nikishindwa kujigeuza, nitakuwa mikononi mwa nani, na nitamficha nini.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nakanda, mjukuu wangu anakata maumbo. Akasema, "Bibi, Jumamosi nimeomba shifti ya ghorofa ya juu. Kwake. Wamekubali."

"Utamwambia nini?"

"Nitafunga mlango kwanza. Nimwogeshe, nimpake mafuta. Halafu nitamwambia, mke wako anakusalimia. Akitaka nimtolee ile picha ya ziwa kwenye droo, nitaitoa, mpaka nikimaliza. Asipotaka, nitaiacha."

"Jumamosi moja tu?"

"Kila Jumamosi, Bibi. Mpaka ile nyumba ijengwe."

"Na isipojengwa?"

Akapangusa unga mikononi. Akaniangalia, akasema, kwa Kiswahili, "Basi kila Jumamosi mpaka mmoja wetu achoke, na sitakuwa mimi. Nakuahidi, mke mwenzangu."