Nani Aliwapikia Wanafalsafa?

Tangawizi mbichi ikioshwa hainukii kama ile ya kwenye chai. Harufu yake ni kali, ina udongo ndani yake, na hukaa kwenye kucha siku nyingi. Nilipokuwa darasa la sita, harufu hiyo ilijaa nyumba nzima ya Baba Mkubwa kule milimani, kijiji cha Mamba, ambako wazazi wangu walinipeleka kutoka Same nikamsaidie Mama Mkubwa wakati wa mavuno. Asubuhi ukungu ulifunika bonde lote, nasi tuliinama mferejini kusuuza tangawizi hadi vidole vikafa ganzi.

Baba Mkubwa hakuosha tangawizi. Alikuwa amefundisha fasihi na falsafa ya Wagiriki wa kale chuo kikuu, na alipostaafu alirudi nyumbani na masanduku ya vitabu ili aandike cha kwake. Meza yake ilikuwa barazani, hatua chache kutoka mferejini, na akichoka kuandika alitusimulia. Aliwasoma Wagiriki kwa mtazamo wa Kimaksi, na aliueleza kwa namna ambayo hata mimi niliuelewa. Alisema wasomi wenzake walichukulia kana kwamba mawazo yale yalishuka kutoka mawinguni, lakini yeye aliuliza kwanza nani alilima, nani alichimba madini, nani alisaga unga. "Mtu anakaa kivulini kutwa anajadili haki," alituambia, "na nyuma yake yupo mtumwa anayemletea chakula. Hatajwi popote." Hata kwenye tamthilia zao, wakati wafalme wanalia, yeye alimtafuta kijakazi anayeingia mara moja na maji, asiye na jina.

Siku moja Mama Mkubwa alimletea mumewe makande, akaondoa vyombo vya asubuhi, akarudi mferejini huku ameshika kifua. Nikauliza, bila ujanja wowote, "Baba Mkubwa, na wewe nani anakupikia?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Umemsikia huyu mtoto? Swali lake nitaliweka kwenye utangulizi!" Akaliandika palepale.

Mama Mkubwa hakucheka. "Kula, chakula kinapoa," alimwambia kutoka mferejini. Tulipobaki wawili aliniambia kifua kilikuwa kinambana tangu tuanze kuvuna. "Usimwambie," alisema. "Anaandika." Sikumwambia.

Wiki iliyofuata Mama Mkubwa alianguka shambani. Majirani walimbeba kwenye machela kuteremka hadi barabarani, lakini alikata roho kabla gari halijafika. Baba Mkubwa alinikuta nimekaa kwenye gunia.

"Alikuwa anaumwa?"

"Ndiyo. Tangu mwanzo wa mavuno."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema unaandika."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Siku ya mazishi kwaya iliimba, wanawake walilia, na mimi nilikula wali wa msibani nikaomba kuongezewa. Nilingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya, hayakuja. Watu walipotawanyika Baba Mkubwa alishuka mferejini na viatu vyake vya kanisani, akaosha tangawizi iliyobaki, nyingine akaivunjavunja. Kitabu hakukigusa tena. Alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikabidhiwa karatasi zake. Utangulizi unaishia kwenye swali langu.

Sasa ninafundisha historia hapa Same. Wanafunzi wangu nawauliza nani alilima, nani alisaga, nao wanaitikia kwa vichwa na kuandika. Mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha mitihani yao sebuleni wakati Rehema, dada anayenisaidia kazi, aliposimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Tumbo linaniuma tangu juzi. Naomba niende hospitali."

"Marahaba," nikajibu bila kuinua macho. "Malizia kwanza kufua."

Alikwisha kugeuka ndipo nikaisikia sauti yangu. Nilimwita, nikampigia simu dereva wa bodaboda, nikamsindikiza Rehema hadi getini. Kisha nikakaa uani kwenye kiti chake kifupi, nikafua shuka zilizobaki. Sikujiona mwema, wala sikuona aibu. Nilizisuuza, nikazikamua, nikazianika moja moja, nikingoja nihisi kitu.