Bibi Harusi Anatetemeka

Mkicheka sitawalaumu, maana hadi leo nikipita kijijini Nakwa nainamisha uso. Siku hiyo nilienda huko na mjomba kujitambulisha kwa kina Neema, mchumba wangu, shati limepigwa pasi mpaka kola inanikata shingo, na nilikuwa naomba kitu kimoja tu, Baba Neema asinikatae. Mzee alishaapa binti yake haolewi na mwanajeshi (kwake yeye mwanajeshi ana mke kila kambi), Neema akambembeleza weee, mpaka akakubali angalau kunisikiliza.

Sasa kazi yangu mnaijua. Helikopta zetu za zamani zikishakarabatiwa, sisi tunazifunga silaha na kuruka nazo, tuone kama vinapatana huko angani. Hii ya mwisho ilirudi inang'aa rangi mpya, tukaibatiza Bibi Harusi.

Chai imemiminwa, mjomba ameanza maneno yake matamu, simu ikaita. Ningeizima tu yangekwisha, lakini mimi huyo nikapokea (ni bosi, ningefanyaje), na simu yenyewe ilishaharibika, haisikiki sikioni, inasikika kwa sauti ya nje tu.

"Bibi Harusi katusumbua," bosi akasema, sebule nzima inamsikia. "Tumembebesha upande mmoja, akatetemeka mwili mzima. Tumemvua kila kitu. Rudi umjaribu mwenyewe."

Mjomba akaweka kikombe chini. Neema akanitazama, nikatamani ardhi inimeze.

"Ana mke huko," Baba Neema akasema taratibu. "Tena mgonjwa."

Nikajieleza kwa pupa, hapana mzee, ni ndege, ikibeba kombora upande mmoja hutetemeka, ikibeba pande zote inatulia, huku nazungusha mikono kuonyesha mapanga yake, nikakipiga kikombe, chai yote kwenye suruali ya mkwe.

Bibi yake Neema ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe huwa mnajaribu kwanza," akasema. "Basi na huyu tumjaribu."

Nikapelekwa uani, nikatwishwa gunia la mahindi bega moja, eti nizunguke nyumba. Jamani, nilitetemeka. Sikufika hata kwenye banda la kuku, Neema akaja upande wa pili, akaweka bega lake chini ya gunia, tukaenda.

Baba Neema alitutazama, suruali imelowa. "Mwacheni," akasema. "Pande mbili anatulia."

Siku hizi nikienda ukweni simu naiacha nyumbani. Haisaidii. Nikishasema tu shikamoo, mzee anaitikia marahaba, halafu ananiuliza yule mke wangu mkubwa anaendeleaje.