Jiko Linalokula Moshi Wake

Kaka yangu ana akili, hilo sibishi. Lakini mtu anayekaa Ulaya kwenye theluji, akasikia mama yake anakohoa Unguja, akaamua kumpelekea jiko la kupashia nyumba joto, huyo nimwiteje? Joto! Unguja! Tena mwezi wa pili, wakati hata paka wa Mji Mkongwe wanajinyoosha kwenye sakafu ya saruji kutafuta ubaridi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kifua cha mama kilikuwa kimeharibika, akipanda ngazi unamsikia kutoka chini anavyovuta pumzi. Daktari alimwambia mbele yangu, "Bi mkubwa, moshi basi." Sasa mwambie mwanamke aliyepikia kuni tangu kuolewa kwake, katika jiko lile lile la uani, katika nyumba ile ile, kwamba moshi basi. Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli, nakaa Mpendae na mume wangu, na nilikuwa na jiko la umeme. Nikamwambia ahamie kwangu. Akaniangalia kama nimemwambia ahamie makaburini.

"Nikakae Mpendae nifanye nini? Nikuangalie wewe unavyounguza wali?"

Kaka akasikia, akapiga simu dukani kwa ami yetu, mtaa wa Mlandege, maana nyumbani hatukuwa na simu. Akasema asihamishwe mtu. Huko aliko kuna jiko linalokula moshi wake lenyewe. Akanieleza mara tatu na mara zote tatu sikumwamini. Mwisho tukapatana, sisi watatu: jiko lije, tulijaribu mpaka mfungo wa Ramadhani uingie. Kikohozi kikiisha, mama anabaki nyumbani kwake. Kisipoisha, anakuja Mpendae, na hakuna tena maneno. Mama alikubali, lakini shingo upande.

Jiko likaja. Chuma kitupu, mlango wa kioo, uzito wake Mungu ndiye ajuaye. Wachukuzi walilipitisha vichochoroni huku wakitutukana kwa adabu, likakwama kwenye kona, watu wakatoka barazani kuuliza kama tumenunua sefu. Kwao Ulaya hutiwa ndani ya tundu la ukuta, sebuleni, familia ikakaa mbele yake ikaota moto. Sisi tulilitia jikoni, fundi akatoboa ukuta na kupandisha bomba la chuma mpaka juu ya paa. Mgongo wake ulikuwa bapa, sufuria mbili zinakaa bila taabu.

Masharti yake sasa! Nilisimama dukani kwa ami, simu sikioni, kaka ananisomesha kama mimi ndiye mwanafunzi. Ndani ya jiko, juu, kuna kitu kama sega la nyuki. Moshi ukipita kwenye vitundu vya sega wakati sega lina moto wa kutosha, unaungua wote, hakitoki kitu. Likiwa baridi haliunguzi chochote, linaziba tu. Kwa hiyo kuna kilango cha ndani, chenye kipini nje. Kabla ya kuwasha, vuta kipini, kilango kifunguke, moshi upande moja kwa moja kwenye bomba. Washa kwa vijiti vikavu, moto ushike vizuri, tia kuni. Ngoja mpaka mshale wa kipimo cha joto uvuke alama. Hapo ndipo usukume kipini, moshi upite kwenye sega. Ukitaka kufungua mlango wa kioo kuongeza kuni, vuta kipini kwanza, ungoje kidogo, kisha fungua polepole. Usipofanya hivyo moshi wote unakurudia usoni. Dirisha liwe wazi, maana moto uliobanwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Majivu yatiwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, yawekwe nje, kaa huwa linaishi ndani ya majivu hata kesho yake. Na kuni ziwe kavu, tena safi. Hakuna rangi, hakuna plastiki, hakuna chumvi.

"Hakuna chumvi?" nikamuuliza. "Wewe umesahau sisi tunakaa wapi?"

Maana kuni za mama zilikuwa zinatoka Mkokotoni, kwa jamaa zetu, na zilikuwa za mikoko iliyokatwa kwenye maji ya bahari. Ukiiramba inakolea. Nikazikataa. Mama akanuna siku nzima kwa niaba ya jamaa wa Mkokotoni. Nikatafuta kuni za mkarafuu na za mwembe, nikazipanga ukumbini zikauke, akaninunia tena kwa sababu nimemzibia njia ya wageni. Nikakuta kajaza jikoni vipande vya mlango mbovu wenye rangi ya kijani.

"Mama, hii ina rangi!"

"Rangi inaungua vizuri."

"Inaua sega!"

"Basi sega lako halijiwezi."

Ndivyo tulivyokwenda. Kila nikitoka skuli napita kwake kabla ya kwenda kwangu, nakagua kuni, nakagua kipini, nakagua majivu. Alinitilia makumbi mabichi. Aliwasha bila kuvuta kipini, jikoni kote kukajaa moshi, akaniambia, "Si ulisema linakula? Leo limeshiba." Na joto lile! Nilikuwa nikisimama mbele yake kumwonesha mshale, jasho linanichuruzika mpaka viatuni, na yeye kakaa mlangoni anajipepea, anasema, "Mwanangu kanipenda, kaniletea Jahanamu mapema."

Lakini haki ya Mungu, likiwashwa sawasawa lilikuwa linafanya kazi. Nilipanda juu ya paa nikaangalia bomba. Moto unawaka chini, sufuria ya mchuzi inatokota, na juu hakuna kitu, hewa inatetemeka tu. Nikashuka nacheka peke yangu. Siku ile ile jirani akaleta sahani mbili za wali zimefunikwa. Alikuwa hajaona moshi kwetu siku kadhaa, akadhani hatuna cha kupika na tunaona haya kusema. Mama alitaka ardhi ipasuke aingie. Alivyoondoka jirani, aibu yote nikalipwa mimi.

Basi, mama akaanza kulielewa jiko. Sikumsifu mbele yake, lakini alikuwa hodari kuliko mimi. Alikuwa haangalii hata mshale, anasikiliza bomba linavyolia, anasukuma kipini. Kuni kavu, dirisha wazi, ukuta mweupe. Nikajua sasa kifua kitatulia.

Hakikutulia. Kikohozi kile kile. Mfungo unakaribia, na mama anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikachanganyikiwa. Nikamwita mtu akapangusa bomba, lilikuwa safi. Nikakagua kuni moja moja. Halafu nikaona kitu: juu ya mlango wa kioo, ukutani, kuna weusi mpya. Nikaufuta. Kesho yake upo tena. Mtu anafungua mlango wa jiko bila kuvuta kipini, tena kila siku.

"Mama, nani anafungua hili jiko?"

"Jini."

"Mama!"

"Mwulize nduguyo, ndiye kaleta."

Nikasema leo nitamjua huyo jini. Nikaomba ruhusa skuli, nikafika kwake alasiri, saa ambayo hanitazamii. Jikoni hakuna mtu. Jiko linawaka, ukutani alama mbichi ya masizi. Nikasikia kikohozi kinatoka juu, chumbani kwake. Nikapanda. Mlango umefungwa, na chini ya mlango limebanwa guo. Nikausukuma.

Toba! Moshi ulikuwa mzito hata kitanda sikukiona. Madirisha yote yamefungwa, na katikati ya chumba mama kakaa chini, machozi yanamtoka, mbele yake chetezo kimejaa makaa aliyoyatoa kwenye jiko la Ulaya, kimejaa udi na ubani. Juu ya chetezo kaweka lile tenga la fito la kufukizia nguo, na juu ya tenga katandaza kanzu nyeupe.

Nikafungua madirisha nayabamiza. Nikapiga makelele, siwezi kusema sikupiga. Mwezi mzima nahangaika na kuni na vipini na masega, na yeye anapanda juu kujipika mwenyewe!

"Unataka kufa? Sema! Unataka kufa?"

"Funga dirisha, harufu inatoka."

"Kanzu ya nani hii?"

Akashika upindo wake, akaunyoosha.

"Ya kaka yako. Zipo nne. Ziko sandukuni tangu alipoondoka. Akija ghafla, akute nguo zake zinanuka uvundo?"

"Hakusema anakuja."

"Ndiyo maana nikasema ghafla."

Nikakaa kitandani. Kumbe alikuwa akifanya hivyo kila alasiri, kanzu moja kwa siku, zikimalizika nne anaanza upya. Kaka kachukua jiko kwenye theluji, kalivusha bahari ili mama asivute moshi, na mama anayachota makaa ya jiko lile lile kumfukizia yeye kanzu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe yuko Ulaya.

Nikaenda Mlandege moja kwa moja, hata mtandio wangu umekaa upande. Kaka alipopokea, nikamwambia yote. Kisha akauliza, "Lakini mnavuta kipini kabla ya kutoa makaa? Maana sega likiharibika naweza kukuleteeni jingine."

"Hatutaki sega!" Duka zima likageuka. "Njoo wewe! Njoo uvae kanzu zako, mama apumue!" Ami akajifanya anapanga makopo ya maziwa.

Alikuja. Sitasema hakuja. Alikuja kabla ya mfungo, mnene, mweupe, anatoka jasho kuliko jiko. Salamu ya kwanza kambusu mama mkono, ya pili kaenda jikoni kuangalia kipimo cha joto. Mama akamwacha. Akapanda juu, akarudi na kanzu mikononi, imekunjwa, inanukia mpaka ukumbini. "Vaa, mwanangu."

Akaivaa kichwani, ikafika mabegani, ikagoma. Akavuta. Ikachanika kwapani. Akasimama katikati ya ukumbi, mikono juu, uso haupo, nguo imemng'ang'ania. Kanzu ile ilikuwa ya kijana mwembamba tuliyemsindikiza uwanja wa ndege, na kijana yule hakurudi. Mimi nilishikwa na kicheko. Mama hakucheka. Alimsaidia kuivua, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto, akaikunja vile vile ilivyokuwa.

"Kesho ukapimwe nyingine," akamwambia.

Akapimwa, akashonewa, akaivaa Ijumaa zote alizokuwa nasi. Siku ya kuondoka akaikunja akaiweka juu ya kitanda cha mama. "Naiacha hapa," akasema. "Nikija tena niivae." Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ndege nzima aliyokuwa akienda kuipanda.

Mama akanitangulia. Akaichukua ile kanzu, akaitia mwenyewe ndani ya sanduku la kaka, akabana vibano.

"Ondoka nayo, baba," akamwambia. "Mimi nshachoka kufukiza."

Kaka akambusu kichwani, akasema nguo itamsaidia sikukuu. Sidhani kama alielewa alichoambiwa.

Zile nne za zamani mama alizitoa sadaka. Tenga akalitia kuku. Mfungo ukaingia, na usiku wa tarawehe nikaona kapanda ngazi zote bila kusimama. Mpendae haikutajwa tena.

Baadaye kaka akapiga simu dukani. Nikamwambia mama hakohoi.

"Umeona!" akasema, furaha tele. "Si nilikwambieni lile jiko litamponya?"

Nikaikata simu.