Kuku wa Kuniombea Msamaha

Wageni wanaokuja kutazama miche yetu huku Walikale, mashariki ya Kongo, hupenda kuniuliza nani alinitia moyo nikawa agronome, mtaalamu wa kilimo. Wanataka niseme ni bustani ya shule, wapige picha, waondoke. Ni kweli, ni bustani ya shule. Lakini wangejua nilivyoipigania wasingetabasamu vile, na kila nikikumbuka damu inanichemka.

Shule yetu ilikuwa upande wa Mweso, chini ya mlima uliolimwa mpaka ukabaki uchi. Mvua ikinyesha, udongo ulishuka ukaingia darasani. Tuliufagia, kesho ukarudi. Mwalimu wa biolojia, kijana ambaye maisha yalikuwa hayajamchosha, akaanzisha bustani kule juu kwa wanafunzi wenye kupenda. Alitufundisha kuchimba mifereji ya kukata mteremko, kupanda majani ya kulishia ng'ombe kwenye kingo zake, na kuotesha miche ya miti. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yalituama kwenye mifereji na darasa likabaki kavu. Nilisimama mlangoni nikitazama, nikasema moyoni: kazi yangu ni hii. Ulikuwa mwaka wetu wa kuchagua opsio, yaani mchepuo wa masomo, nami nilishachagua agronomia kabla hawajatuuliza.

Ubaya ni kwamba katika shule zetu jembe ni fimbo. Umechelewa? Jembe. Umepiga kelele? Jembe. Wenye makosa hulima shamba la shule huku wenzao wakiwacheka madirishani. Mjinga gani alibuni jambo hili katika nchi ya wakulima, sijui, lakini siku nikikutana naye atanitambua.

Basi siku moja Papa, baba yangu, alikuwa anarudi kutoka soko la Sake. Akaniona mlimani, sare imejaa matope, jembe mkononi. Hakuniita. Aliinamisha kichwa akaenda zake. Asubuhi iliyofuata akaingia kwa mkuu wa shule, prefe kama tunavyomwita, kuku kwapani. Nilikuwa nafagia uwanja, nikaona na kusikia yote dirishani.

"Bwana prefe, mutoto yangu alikosa nini sijue, lakini umusamehe. Angali mutoto."

Prefe alijua vizuri kwamba sikukosa lolote. Yeye mwenyewe alikuwa akipandisha wageni kuwaonyesha mifereji yetu na kujisifu. Alimtazama Papa, kisha akamtazama kuku.

"Haina shida, Papa. Tumemusamehe. Hatarudia kule juu tena."

Akala kuku! Na ili uongo wake usimame, akaniondoa bustanini. Mwalimu alipojaribu kunitetea, akaambiwa achunge kazi yake. Tena prefe akatangaza mbele ya shule nzima kwamba kuanzia siku ile bustani itahudumiwa na wachelewaji, ili mambo yasichanganyike.

Jioni nikamweleza Papa ukweli wote. Nilidhani atasimama akadai kuku wake. Hakusimama.

"Kumbe ulikuwa unaenda kwa kupenda kwako?" aliuliza. "Niko nakusomesha kusudi jembe ikuachilie. Mimi nimepanda maharagi, tumekimbia vita, wengine wamekula. Tumerudi, nimepanda, tumekimbia tena. Na weye uko unaifuata jembe? Afazali ungekuwa ulikosa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko uongo wa prefe. Baba yangu mzazi aliona heri binti mkosaji kuliko binti mkulima. Mama akaondoa sahani. Nilimpenda Papa, nilimwonea huruma kwa maharagi yake, lakini usiku ule hasira ilizidi vyote viwili.

Kesho yake niliamka mapema kama kawaida, nikavaa, nikaenda kukaa nyuma ya kanisa karibu na shule. Nikasikiliza kengele mpaka ikanyamaza. Nikawasikia wenzangu wakiimba mistarini. Ndipo nikatembea polepole hadi langoni. Prefe alinitazama, akatazama saa yake, akaguna. Alielewa. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na amri ilikuwa yake mwenyewe, hakuwa na la kufanya. Akanikabidhi jembe, wenzangu wakanicheka, nikapanda mlima. Nilichelewa hivyo kila siku, mpaka mwaka ukaisha.