Radhi kwa Kipaza Sauti

Neno lenyewe nililisema huku nacheka. Zilikuwa kampeni za kumchagua mwenyekiti wa kijiji, kwetu Mbwera, na mgombea wetu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Nilipopewa kipaza sauti nikasema watu wa kuja wasituchagulie kiongozi, warudi kwao milimani wakachaguane huko. Uwanja ukaangua kicheko. Nilishuka jukwaani nikijiona mjuzi wa maneno.

Shoga yangu alikuwa amesimama nyuma na wenzake wa chama kingine. Marehemu mume wake alitoka milima ya Umatumbi. Alikuja deltani kukata mikoko, akaoa kwetu, akafia kwetu, tukamzika kwetu. Shoga yangu alipokaa eda, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji kila asubuhi. Siku ile jukwaani hayo yote hayakunijia.

Kaka yangu alishindwa. Uchaguzi ukapita lakini uhasama ukabaki. Kikundi chetu cha kina mama kikavunjika. Kwenye misiba watu wa upande mmoja walizika, wakaondoka bila kugusa chakula cha upande wa pili. Mimi na shoga yangu tulipishana njiani, kila mmoja akitazama matope. Moyoni nilisema ananinunia kwa ajili ya siasa, basi na anune.

Mpunga ulipoanza kuiva tukahamia mashambani. Madungu yetu, vile vibanda vya juu ya miti tunamokaa kuamia ndege, yanatazamana, langu na la shoga yangu. Wiki mbili tulipiga madebe kutwa bila kusemezana. Ndege niliowafukuza kwangu walitua kwake, naye akiwafukuza wananirudia.

Mchana mmoja debe lake likanyamaza. Nikamwona amejiinamia, ndege wamejaa shambani mwake wala hainui mkono. Nilichukua muhogo wangu wa kuchemsha na kipande cha samaki, nikakatiza shamba, nikapanda ngazi ya dungu lake. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza.

"Shoga, sikuja kubishana," nikamwambia. "Niambie nilichokufanyia. Sitakujibu mpaka umalize."

Alilisogeza debe lake pembeni. Kisha akaanza, taratibu. Ningekitukana chama chake, alisema, angecheka na kunitukania changu. Lakini jioni ya siku ile binti yake alimuuliza kama kaburi la baba yake liko kwao au ugenini. Akanikumbusha mwaka wa mafuriko, mumewe alivyombeba mama yangu mgongoni, maji yakiwa kifuani, mpaka kwenye mtumbwi. Mara mbili nilifungua mdomo nijitetee, mara mbili nikaufunga.

Alipomaliza nilimwomba radhi, machozi yananitoka. Naye akaniuliza kilichokuwa kimeniwasha hivyo. Nikamweleza ukweli, kwamba kila kura ya upande wao niliiona kama kofi usoni mwa kaka yangu. Akasema hakuwahi kumchukia kaka yangu. Alimnyima kura tu. Tukala ule muhogo. Nilipoinuka kushuka, akanishika mkono.

"Nimekusikia. Lakini ulinitukana kwa kipaza sauti, na radhi unaniomba kwa kunong'ona."

Ijumaa baada ya sala ulikuwapo mkutano wa kijiji. Nikamwomba mwenyekiti, yule yule aliyemshinda kaka yangu, anipe nafasi. Mwenzangu mmoja wa chama akanivuta khanga, akaninong'oneza kwamba nitawaaibisha. Niliivuta khanga yangu, nikaenda mbele.

"Niliwaita wenzetu watu wa kuja," nikasema. "Mmoja wao alimwokoa mama yangu, na amelala kwenye makaburi yetu. Mwenye kosa ni mimi. Naomba radhi kwake, kwa mkewe na kwa watoto wake."

Nilitarajia mzomeo. Aliyeinuka akawa kaka yangu. Alisema siku ile alilisikia neno langu na akacheka, kwa hiyo radhi ile ni yake pia. Akavuka uwanja, akampa mwenyekiti mkono mbele ya watu wote. Shoga yangu akaja, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Nimesamehe," akasema. "Ila kura yangu bado hamtaipata."

Kicheko kilitoka pande zote mbili, na mimi nikacheka kuliko wote.

Bamvua, yale maji makuu ya bahari, lilikuwa linakaribia, na maji ya chumvi yakiwahi mpunga, msimu umekwenda. Wengine tulishavuna, ila shamba la shoga yangu lilikuwa bado halijaguswa. Asubuhi ya Jumapili nilishika kisu changu nikaenda kumsaidia, nikakuta kina mama wa upande wake wameshafika. Nyuma yangu wakaja wa upande wangu, na yule aliyenivuta khanga yumo. Tulivuna tukiimba na kutaniana kuhusu vyama vyetu, na kufikia alasiri fungu la mwisho lilikuwa ghalani. Vigelegele vyetu vilisikika ng'ambo ya mto. Bamvua lilipoingia lilikuta mabua matupu.

Msimu huo kikundi chetu, kilichokuwa kimefufuka, kilipakia mchele kwenye boti moja, kisha kwa gari tukaupeleka hadi soko la Kibiti. Mnunuzi mmoja, alipoona khanga zetu za rangi za vyama viwili, akauliza sisi ni kina mama wa upande gani.

"Wa Mbwera," shoga yangu akamjibu, na akaendelea kufungua gunia.